Machi hadi Mei Ziwa Nakuru: jinsi ya kuwaona na kuwahesabu ndege wanaorudi kaskazini

Ulaya na Asia wakiingia majira ya machipuko, Nakuru masika yanaanza kunyesha, na ndege waliokaa huku tangu Septemba wanaanza kuondoka. Hawaondoki siku moja wala kwa mtindo mmoja. Bata hutangulia, korongo hufuata, mbayuwayu na keremkerem hupita angani kwa makundi, na vitwitwi wa matopeni hubaki karibu hadi mwisho wakijaza mafuta mwilini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwaona wakati huo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru na kutoka na orodha yenye hesabu ya kuaminika, si picha za faru peke yake.

Wengi hurudi mikono mitupu kwa sababu ya kuzungukazunguka. Gari hulipita ziwa zima kwa saa tatu, kila kundi linaangaliwa dakika mbili, halafu inasemwa ndege wamekwisha. Ndege wa safari husubiriwa. Chagua vituo vitano, sita vikizidi, na ukae.

Neno moja kuhusu majina. Ndege wengi wa matopeni hawana jina la Kiswahili linalokubaliwa kila mahali. Sululu, kitwitwi na chekeamwezi hutumika tofauti kutoka mji hadi mji. Hapa tunatumia jina la kawaida lilipo, na lisipokuwepo tunamwita ndege kwa umbo lake. Jina la kisayansi limewekwa kando ili umpate kwenye kitabu chako.

Hatua ya 1: Chagua wiki

Hakuna wiki moja ya kuwaona wote. Mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi ni zamu ya bata wa kaskazini: mdomo-kijiko (Spatula clypeata), mkia-mshale (Anas acuta) na yule mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho (Spatula querquedula). Ukifika Aprili umewakosa wengi wao. Wiki hizo za Februari na Machi ndizo pia za tai wa nyika (Aquila nipalensis) na za korongo weupe (Ciconia ciconia).

Kuanzia katikati ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Aprili, anga ndiyo yenye kazi: mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica), keremkerem wa Ulaya (Merops apiaster) na watikisa-mkia wa manjano (Motacilla flava), ambao hufuata miguu ya nyati wakidaka wadudu wanaoruka majanini.

Aprili ni ya matopeni na ya buabua. Kama una wikiendi moja tu kwa mwaka, chukua ya pili ya Aprili: vitwitwi wengi bado wapo na wameshavaa vazi la kuzaliana, kwa hiyo hata anayeanza anaweza kuwatofautisha. Pasaka ikiangukia hapo, nenda siku za kazi. Foleni ya mabasi langoni itakula saa yako nzuri kuliko zote.

Wiki ya kwanza ya Mei hubaki mabaki, lakini ni mabaki mazuri. Wachache hao mara nyingi ndio wenye rangi iliyokolea kabisa.

Hatua ya 2: Subiri mvua, usiikimbie

Watu huahirisha safari wakiona mawingu, na hapo hukosea. Anga likiwa safi na upepo mzuri, wanaosafiri hupita juu sana au huondoka usiku bila kuonekana. Mvua ikinyesha alasiri na usiku, wengi hushuka na kusubiri. Asubuhi inayofuata mvua kubwa ndiyo ya kuamkia.

Halafu kuna kumbikumbi. Wakiruka baada ya mvua, simamisha gari mahali penye anga wazi na usiondoke. Ndani ya nusu saa unaweza kupata mbayuwayu, keremkerem, mwewe, korongo na kozi wadogo wote juu ya eneo moja. Mwezi Aprili waangalie hao kozi mmoja mmoja. Dume la Falco naumanni lina mgongo wa kahawia nyekundu usio na madoa na kichwa cha kijivu. Dume la Falco amurensis ni jeusi-kijivu, mapaja mekundu, na chini ya bawa, sehemu ya mbele, ni jeupe pe. Wa pili huyu huchelewa, hivyo mtazamie zaidi mwisho wa Aprili.

Hatua ya 3: Vifaa

Darubini ya mkononi ya 8×42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42) inatosha. Ya 10×42 inavuta karibu zaidi lakini hutikisika mkono ukichoka. Kwa matopeni unahitaji teleskopu ya 20–60×. Usipande kupita 40× baada ya saa tatu asubuhi: joto linalopanda kutoka kwenye tope hufanya picha icheze kama maji, na kukuza zaidi ni kukuza mchezo huo tu.

Kwa kuwa muda mwingi hutoki garini, stendi ya miguu mitatu haina kazi kubwa. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, kama sentimita 30 kwa 20, ujaze mchele au maharagwe kilo mbili, uuweke juu ya kioo kilichoshushwa nusu na teleskopu iegemee hapo. Zima injini. Injini inayonguruma hutikisa teleskopu kiasi cha kukuficha rangi ya miguu, na rangi ya miguu mara nyingi ndiyo jibu.

Beba pia daftari na penseli (kalamu ya wino huharibika na mvua), kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki, maji, chakula kilichofungwa vizuri na kitambaa cha kufutia lenzi. Nyani wa Nakuru wanajua kufungua mlango wa gari. Usile kioo kikiwa wazi.

Hatua ya 4: Kuingia, na upande wa jua

Malipo ya kiingilio hufanywa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kufika. Langoni hawapokei pesa taslimu. Lipa jioni ya kabla, kwa sababu mtandao ukisumbua saa kumi na mbili asubuhi utasimama langoni ukiwatazama ndege wakikupita juu. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili na jua huchomoza kama nusu saa baadaye.

Ingia kwa lango la Lanet, lililo upande wa mashariki. Sababu ni jua. Asubuhi ukiwa ukingo wa mashariki, jua liko mgongoni na ndege wamemulikwa mbele yako. Ukianza upande wa magharibi asubuhi hiyohiyo, kila kitwitwi atakuwa kivuli cheusi kwenye maji yanayong'aa, na utatoka na "vitwitwi 300, aina haijulikani". Alasiri geuza: upande wa magharibi, na Baboon Cliff, jabali la kutazamia ziwa, kwa kuona makundi ya mbali ukiwa juu.

Kabla ya kuondoka langoni uliza barabara zipi ziko wazi. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu miaka ya 2010. Yalimeza lango kuu la zamani, ofisi na barabara za ukingoni, na migunga iliyokufa imesimama majini hadi leo. Ramani ya zamani itakupeleka ziwani. Kupanda huko kwa maji pia kumepunguza makali ya magadi na chakula cha heroe, kwa hiyo usije ukitegemea ukingo wa waridi wa kadi za posta. Kwa ndege wa safari, jambo la maana ni jingine: maji yakifika kwenye nyasi, hakuna tope la kutosha. Tafuta mahali ambapo maji yameshuka hata kwa mita chache tu.

Hatua ya 5: Kuchagua vituo

Kituo kizuri kina maji ya kina kisichozidi kifundo cha mguu wa mtu, tope lililo wazi, na njia halali ya gari umbali wa mita 50 hadi 100. Changanya aina mbili. Ya kwanza ni ukingo wa magadi ulio wazi, wenye viluwiluwi vingi vya wadudu topeni. Hapo ndipo wadogo wanaokimbiakimbia huwa wengi. Ya pili ni mahali maji baridi yanapoingia, karibu na midomo ya mito kama Njoro, Makalia na Nderit, penye majani na matete. Hapo ni pa bata na wale wanaopenda kujificha. Ongeza kituo kimoja cha migunga kwa ajili ya ndege wadogo wa matawini, hasa yule wa kijani-manjano mwenye uzito wa kama gramu 10 (Phylloscopus trochilus). Machi na Aprili huimba, sauti yake ikiteremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Bila wimbo huo humwoni.

Usiondoke barabarani kufuata kundi. Ukoko mkavu wa magadi unaonekana mgumu kama sakafu, chini yake ni tope la kumeza ekseli. Na usishuke garini nje ya sehemu zilizotengwa: nyati hulala kwenye majani marefu ya ukingoni mchana kutwa, na simba wapo.

Hatua ya 6: Kukaa na kuangalia

Fika kituoni polepole, simama mita 100 kutoka kwa kundi, zima injini, kaa dakika tano bila kufungua mlango. Ndege wakirudi kula, ndipo uanze. Wakikaa wima shingo juu, uko karibu mno. Wakiruka, umewagharimu. Ndege wa gramu 25 anayejiandaa kufika Siberia hana mafuta ya kupoteza kwa ajili ya picha, nawe utakuwa umeiharibu hesabu yako kwa sababu atatua kituo kinachofuata na utamhesabu tena.

Kipe kila kituo angalau dakika 20. Dakika kumi za kwanza pita kundi zima kutoka kushoto kwenda kulia mara mbili. Wageni wa thamani huwa mmoja au wawili ndani ya mia, na mara nyingi wamelala, mdomo umefichwa mgongoni. Ngoja aamke.

Wanaochanganywa zaidi

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Kitwitwi mdogo (Calidris minuta) ndiye wa kawaida: miguu myeusi, mdomo mfupi mnyoofu, na ifikapo Aprili mgongo una rangi ya kutu na mistari miwili myeupe inayokutana kama herufi V. Ukiona mdogo kama huyo lakini miguu ni ya manjano-kijani, kifua cha kijivu, na anatembea pole pembeni peke yake, huyo ni Calidris temminckii.

Kitwitwi mdomo-upinde (Calidris ferruginea) ni mkubwa kidogo, mdomo umepinda kuelekea chini. Machi ni wa kijivu. Mwisho wa Aprili ni mwekundu kama tofali kuanzia uso hadi tumbo. Katikati ya Aprili ana mabaka, na anayeanza hudhani ni ndege mgonjwa. Akiruka, angalia kiuno cheupe.

Calidris pugnax huwachanganya hata wazoefu kwa sababu dume ni kubwa mno kuliko jike, na watu huwaandika kama aina mbili. Tafuta kichwa kidogo juu ya shingo ndefu, tumbo lililojaa na mgongo wenye magamba-magamba. Ukosi maarufu wa manyoya wa dume usiutarajie hapa. Madume huondoka mapema, na wanaobaki Aprili karibu wote ni majike.

Mdomo-sindano (Tringa stagnatilis) na ndugu yake mkubwa Tringa nebularia wote wana mgongo mweupe unaopanda kama kabari wakiruka, kwa hiyo alama hiyo peke yake haikusaidii. Wa kwanza ana mdomo mwembamba kama sindano, mnyoofu, na miguu inayoonekana mirefu kupita mwili. Wa pili ana mdomo mnene uliopinda kidogo juu, na akiruka hupiga mlio wa sauti tatu, tyu-tyu-tyu. Sikiliza kwanza.

Tringa glareola ana nyusi nyeupe ndefu na madoa mgongoni. Tringa ochropus ni mweusi zaidi, na akiruka chini ya mabawa ni giza tupu huku kiuno kikiwaka weupe. Yule anayetikisa mkia bila kupumzika, mwenye weupe unaopanda mbele ya bega, na anayeruka karibu kabisa na maji kwa mabawa yaliyokakamaa ni Actitis hypoleucos.

Wenye ukanda kifuani: mwenye ukanda mmoja mweusi mpana na miguu ya chungwa ni msafiri (Charadrius hiaticula). Mwenye kanda mbili nyeusi na pete nyekundu kuzunguka jicho ni mwenyeji, yupo mwaka mzima. Ukimwandika mwenyeji kama msafiri, orodha yako itasema ndege wa kaskazini amebaki Julai.

Buabua mabawa-meupe (Chlidonias leucopterus) hurahisisha mambo Aprili: mwili mweusi, mkia mweupe, juu ya bawa pameng'aa. Walio nusu hivi nusu vile wana madoa kama kuku wa kienyeji. Ukiona tumbo la kijivu, kofia nyeusi na shavu jeupe, huyo ni Chlidonias hybrida.

Kwa korongo angalia mkia. Korongo mweupe ana mkia mweupe. Korongo domo-njano, mwenyeji wa ziwa, ana mkia mweusi. Wakiwa juu sana wakizunguka kwenye hewa moto, mdomo huuoni lakini mkia utauona. Makundi haya huinuka kuanzia saa nne, ardhi ikishapata joto, basi katikati ya asubuhi inua macho kila baada ya dakika kumi. Keremkerem utawasikia kabla ya kuwaona: mlio laini wa kuviringika, pruu, pruu, kutoka mahali unapodhani hapana kitu.

Mbayuwayu wa Ulaya ana koo jekundu likifuatwa na ukanda kamili wa bluu-nyeusi. Ukanda ukikatika katikati na tumbo likiwa la kijivu, ni Hirundo angolensis, naye hasafiri kwenda Ulaya.

Hatua ya 7: Kuhesabu

Usikisie kundi zima kwa jicho moja. Karibu kila mtu hukisia pungufu kundi likiwa kubwa. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, ona wanachukua nafasi kiasi gani kwenye lenzi, kisha sogeza kipimo hicho kundi zima. Likizidi mia tano, tumia kipimo cha hamsini. Rudia mara tatu, uandike wastani. Hesabu zikipishana sana, kwa mfano 400, 650 na 420, kuna kitu umekiona mara mbili, anza upya.

Kundi lenye mchanganyiko hesabu jumla kwanza, halafu chukua sampuli: katika ndege 100 mfululizo, wangapi ni minuta, wangapi ni ferruginea? Chukua sampuli kutoka sehemu tatu, kwa sababu wenye miguu mirefu husimama maji ya ndani na wafupi hubaki ukingoni. Sampuli moja ya ukingoni itakupa jibu la uongo.

Kwa wanaopita angani, simama sehemu moja kwa saa nzima na uandike kila dakika 15: aina, idadi, wanakoelekea, na kimo kwa makadirio (usawa wa miti, juu ya miti, juu sana). Mbayuwayu wanaozunguka juu ya maji wakila usiwaweke hapa. Wanaopita wana mwelekeo mmoja na hawarudi.

Furukombe akipita na kundi lote likaruka, funga hesabu ya kituo hicho kwa muda huo. Andika saa.

Hatua ya 8: Kuandika na kutuma

Kila kituo kina ukurasa wake: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mvua ya jana, upepo, hali ya maji (tope wazi au limefunikwa), kisha ndege. Pembeni ya kila msafiri weka alama ya vazi: 0 kijivu, 1 mabaka, 2 vazi kamili. Safu hiyo ndogo huonyesha vizuri zaidi kuliko idadi yenyewe kwamba kundi linakaribia kuondoka. Kundi likionyesha 2 nyingi Jumamosi na Jumatano limetoweka, umeiona safari ikianza.

Unaweza kutuma kwa eBird, mtandao wa kimataifa wa orodha za ndege, au kwa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, kupitia programu ya simu ya BirdLasser. Tofauti ni hii: Kenya Bird Map hugawa nchi kwa viwanja vya takriban kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inataka angalau saa mbili za kutafuta ndani ya kiwanja kimoja, katika siku zisizozidi tano, aina zikiandikwa kwa mpangilio ulivyoziona. Ukivuka mpaka wa kiwanja, fungua orodha nyingine. Kwa eBird usiweke X badala ya namba. Hata "20 kwa makadirio" ina manufaa kuliko X. Idadi kubwa itaulizwa na wakaguzi, basi eleza ulivyohesabu palepale kwenye nafasi ya maelezo, si wiki mbili baadaye.

Ukiona pete ya rangi mguuni, andika rangi, mguu upi, juu au chini ya goti, na maandishi ukiweza kuyasoma; wapelekee National Museums of Kenya, Nairobi. Ndege aliyekufa usimguse. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, mwambie askari wa hifadhi.

Na ukirudi Juni ukakuta vitwitwi wachache wa kijivu wakila kama kawaida, usiwafute ukidhani umekosea mwezi. Wengi wa hao ni vijana wa mwaka uliopita, ambao hawajafikia umri wa kuzaliana na hupitisha msimu wote huku. Waandike, vazi namba 0.